Mwenye Neno na Marehemu

Mtu anayeleta habari ya msiba habonyezi kengele mara mbili. Anabonyeza mara moja, taratibu, halafu anasimama akitazama viatu vyake. Ambakisye aliwaona kupitia kioo cha mlango, Jumapili ile ya Januari, watu wawili wamesimama kwenye ngazi zenye theluji: Euphrasie, binti wa Mama Nyiraneza, na Mugabo, aliyekuwa dereva wa kliniki. Alijua papo hapo nani amekufa. Akatamani asingekuwa nyumbani.

"Unawaacha watu wagande nje?" Dativa, mkewe, alimsukuma pembeni kwa kiwiko na kufungua. "Karibuni jamani, ingieni. Viatu acheni tu hapo."

Wakaketi kwenye sofa bila kuegemea. Juu ya televisheni ilining'inia picha kubwa ya Ambakisye akiwa ameinua mkono wa kulia, siku alipoapishwa kuwa mbunge wa jimbo la Minnesota kule Saint Paul. Wenye nyumba walishaacha kuiona siku nyingi. Wageni waliiona kila mara, na Mugabo aliitazama mpaka Dativa alipomletea chai.

"Honorable," Euphrasie alianza. Wakongo walimwita hivyo, kwa Kifaransa chao, na Watanzania walimwita Mheshimiwa, na hakuna kati yao aliyekubali kusikia kwamba kiti chenyewe alishakipoteza tangu mwaka 2014. Mzungu ukikosa kura zake, kesho yake asubuhi anakuita jina lako la kwanza. Watu wetu sivyo. Wakishakupa cheo, utazikwa nacho.

"Mama ametutoka. Alhamisi asubuhi."

"Pole. Pole sana, dada yangu."

"Alikosa kusafishwa damu mara mbili. Gari ya kaunti haikukuja. Mimi nilikuwa ku kazi, Coon Rapids, sikuweza kuacha wagonjwa." Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo hospitalini, polisi na kwa mwenye nyumba. "Donc, tumekuja kukuomba kitu. Siku ya ibada, mbele ya kufunga sanduku, iko mtu anasimama kwa ajili ya famille, anauliza watu. Unajua ile desturi."

Aliijua. Kwao Tukuyu nako ilikuwepo. Kabla jeneza halijafunikwa, msemaji wa familia husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu? Nani anadaiwa naye? Nani alimkosea, au alikosewa naye? Mwenye neno na marehemu aseme sasa, ili aende mwepesi. Ni kazi ya mjomba, au ya mzee wa ukoo.

"Wajomba zenu je?"

"Walibakia kule," alisema Euphrasie, na hakuna aliyeuliza kule wapi. "Tumekaa, tumeongea, tumesema ni wewe."

"Na Mugabo? Ni mtu mzima, ni ndugu yenu wa damu."

Mugabo aliinua macho kutoka kwenye kikombe kwa mara ya kwanza. "Hapana, Honorable. Ni wewe."

Ambakisye akajikuta anasema kwamba hiyo ni heshima kubwa kwake. Alisema kwa ile sauti ya jukwaani, na Dativa, aliyekuwa amesimama na birika mkononi, alimtazama kwa namna ambayo hakuipenda.

*

Heshima hiyo alianza kuila mwaka 2010, alipozunguka mitaa ya Crystal akigonga mlango baada ya mlango kuomba kura. Mama Nyiraneza alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi majuzi tu. Kura hakuwa nayo, wala wenzake wote wa kanisa lake la Wakongo hawakuwa nayo, maana uraia ulikuwa bado mbali. Lakini alicheza mbele ya mgombea, akamwekea mkono kichwani akamwombea, akabandika bango lake dirishani, kichwa chini miguu juu. Ambakisye alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwenye mikutano. Wazungu waliipenda pia.

Bungeni alidumu mihula miwili, na katika mihula hiyo alitunga sheria moja ambayo watu waliikumbuka: fungu la fedha kwa kliniki ndogo, ziwe na magari ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Siku ya kuitetea alimketisha Mama Nyiraneza kwenye viti vya wageni juu, na kilemba chake, naye Ambakisye akasema kwa sauti kuu kwamba hakuna mama wa wilaya yake atakayekosa matibabu kwa kukosa gari. Walipiga makofi hata wapinzani wake.

Kisha akashindwa uchaguzi, akakaa nyumbani miezi kadhaa akitazama theluji na kupokea simu chache kila wiki. Ndipo Birchline wakamchukua. Ulikuwa mtandao wa kliniki tatu, makao yake Hopkins, na walihitaji mkurugenzi wa fedha. Uhasibu alikuwa ameusomea, hilo kweli, lakini tusidanganyane: walitaka na lile jina. Wakampa mshahara ambao bunge halikuwahi kuuota, na ofisi yenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kutoka hapo aliyaona magari meupe yakiondoka asubuhi, na moja lilikuwa la Mugabo.

Mwaka 2017 fungu lile la serikali lilifika ukingoni, na wabunge wapya hawakulirudisha. Birchline walikaa kikao. Kulikuwa na mambo ya kuchagua: wafunge kliniki za Jumamosi, waahirishe mashine mpya, au wayaondoe magari. Ambakisye ndiye aliyependekeza magari. Hakuna aliyemlazimisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile ulionekana mwepesi kweli kweli, mstari mmoja tu kwenye skrini.

"Una uhakika?" aliuliza Margaret, mkuu wake. "Si sheria yako hii?"

"Ndiyo sababu nazijua gharama zake," alijibu.

Watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kilimfurahisha. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alikifurahia.

Oktoba hiyo hiyo, ukumbini baada ya misa ya pamoja, Mama Nyiraneza alimshika mkono wa koti. "Honorable, banasema gari itaisha. Ni kweli?"

"Nitaliangalia, mama."

Hilo ni neno la wabunge. Kule Saint Paul walikuwa wakiambiana hivyo kutwa, kwenye lifti na kwenye korido, na maana yake ni kwamba tafadhali niachie mkono. Hakuna aliyebaki anangoja. Lakini Mama Nyiraneza hakuwa mtu wa Saint Paul. Alimwachia mkono, akashukuru, akaenda kungoja.

Magari yalipokoma Desemba, alingojea kwenye benchi la nje ya nyumba zao, kando ya barabara, asubuhi za siku zake za matibabu. Koti la njano, kitenge kimefungwa juu ya koti, mfuko wa plastiki magotini. Hata siku ambazo Euphrasie alikuwa amemwitia gari la kaunti la saa za baadaye, yeye alitoka mapema, kwa sababu Honorable alisema ataliangalia. Na Ambakisye alipita hapo kila siku kwenda kazini. Siku ya kwanza alipunguza mwendo na kuinua mkono kumsalimu. Mama yule akasimama. Akauchukua mfuko wake, akasogea ukingoni mwa barabara, akidhani gari ndilo hili limefika.

Ambakisye alikanyaga mafuta. Kuanzia kesho yake alianza kupitia New Hope, ingawa ni kuzunguka.

*

Baada ya wageni wale kuondoka, alijiambia kwamba sasa hakuna tena sababu ya kuzunguka. Jumatatu akapita njia ya zamani. Benchi lilikuwa pale pale, na juu yake palikuwa na koti la njano.

Aliona likisimama. Aliona mfuko ukiinuliwa. Akafunga breki katikati ya barabara, na gari la nyuma likampigia honi ndefu ya hasira. Alipotazama tena palikuwa na theluji tu kwenye benchi, imerundikana kwa umbo la mtu aliyejikunja.

Hakumwambia mtu. Lakini mchana, alipokuwa akimsomea Margaret matarajio ya robo mwaka, alihisi kwamba kiti cha mwisho cha meza kina mtu, na kwamba mtu huyo anamsikiliza kwa adabu bila kuelewa Kiingereza. Alisoma tarakimu zote bila kukitazama. Alikuwa na hofu, hofu ya kitoto kabisa, na aliona aibu kuwa nayo katika umri wa miaka hamsini na tatu.

Ijumaa jioni Dativa alikuwa akimpigia pasi shati la kesho yake msibani. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee, mwanamke wa Bukoba asiyejua kuzungukazunguka.

"Utasema?" aliuliza.

"Niseme nini?"

"Baba Tina, usinifanye mtoto. Kesho unasimama mbele za watu unauliza nani alimkosea yule mama. Wewe!"

"Nauliza kwa niaba ya familia. Msemaji hahesabiwi."

"Nani kakwambia msemaji hahesabiwi?"

Ambakisye alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikifungua mdomo, Jumatatu wanasheria wa Birchline wananitoa nje na boksi langu. Hii nyumba nani ataimalizia mkopo? Ada ya Tina je?"

"Ungekataa basi walipokuja."

"Wangeuliza kwa nini."

"Ehee." Dativa aliigeuza kola. "Unajisikia unavyosema?"

"Hawajui, Mama Tina. Wanajua ni ofisi tu, mambo ya Wazungu. Mavi ya kale hayanuki."

"Ya kale?" Dativa aliisimamisha pasi, mvuke ukatoka. "Yule mama hajazikwa."

Akalitundika shati mlangoni, akatoka. Ambakisye alibaki nalo, jeupe, limenyooka mikono, na kwa muda mrefu hakuthubutu kuligeuzia mgongo.

*

Ibada ilifanyika katika kanisa la Walutheri waliowaazima Wakongo jengo mchana wa Jumamosi. Watu walijaa hadi kwenye korido, makoti yamerundikwa dirishani, watoto wanasemeshana Kiingereza chini chini na mama zao wanawafinya. Kwaya iliimba mpaka vioo vikaota ukungu. Kisha mchungaji akamwashiria, na Ambakisye akasogea mbele, karibu na jeneza lililokuwa bado wazi.

Walikuwa wamemvika koti la njano.

"Aliogopaka baridi," Euphrasie alinong'ona kutoka kiti cha mbele, alipoona msemaji wao ameduwaa.

Ambakisye alikishika kipaza sauti kwa nguvu. Maneno yalikuja kwa mazoea, mazoea ya majukwaa mengi. "Ndugu zangu, kama ilivyo desturi yetu. Kuna anayemdai marehemu? Kuna anayedaiwa naye? Kuna aliyemkosea, au aliyekosewa? Mwenye neno na marehemu aseme sasa, mama yetu aende mwepesi."

Mama Joyeuse, mama mnene wa kwaya, alinyanyuka. "Mimi niko na sufuria yake, ile kubwa. Nilimwambia imepotea. Haikupotea, nilikuwa naipenda." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. "Nisamehe, dada. Nitairudisha kwa Euphrasie."

"Umesamehewa," familia ikajibu.

Kisha akaja mzee Habiyaremye, kwa mkongojo. Walikuwa wamegombana na marehemu juu ya kiti cha karibu na kipasha joto kanisani, hawakusalimiana tangu sikukuu ya mavuno ya mwaka juzi. Alifika mpaka kwenye jeneza, akauweka mkono wake wenye mishipa juu ya koti la njano, akasema, "Kiti ni chako." Hakusema zaidi, na alirudi akitembea vizuri kuliko alivyokuja.

Hakuna mwingine aliyenyanyuka.

Katika misiba mingine, msemaji anapongoja, watu hugeuza shingo kutazama nyuma, nani mwingine anakuja. Hapa hakuna aliyegeuka. Safu mbili za mbele zote zilimtazama yeye. Euphrasie alimtazama. Kule mlangoni Mugabo alisimama na kofia yake ya sufu mikononi, akimtazama. Dativa tu ndiye aliyeinamisha kichwa.

Ilikuwa rahisi, hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameona inavyofanyika. Hatua chache, mkono juu ya koti, maneno machache: ni mimi niliyeyaondoa magari. Mdomo aliufungua. Na hapo akamwona, safu ya nne, muuguzi wa Birchline aliyemhudumia marehemu, mwanamke wa Kikenya aitwaye Nkatha ambaye angeelewa kila neno na Jumatatu angekuwa kazini.

"Kuna mwingine?" aliuliza Ambakisye.

Bomba la joto liligonga ukutani.

"Kama hakuna, tuendelee."

Jeneza likafungwa. Wakati kifuniko kinashuka alikuwa anatazama ile njano, jinsi ilivyokuwa inapungua, na alihisi kwamba mlango uliofungwa ni wake yeye.

*

Chini, kwenye ukumbi wa chakula, watu walikula wali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Ambakisye alimvizia Euphrasie mpaka alipobaki peke yake kwenye birika kubwa la kahawa. Alikuwa amesikia kwamba makaburi waliyoyamudu hayachimbwi wakati wa baridi, ardhi imeganda kama zege, na kwamba anayetaka kuzika Januari hulipia mashine ya kuyeyusha udongo. Familia haikuweza. Jeneza lingekaa kwenye nyumba ya makaburini, pamoja na majeneza ya watu wengine, mpaka Aprili.

"Euphrasie, dada yangu, hilo la kuchimba niachie mimi. Nitalipa yote. Mama azikwe wiki hii."

"Merci, Honorable. Hapana."

"Kwa nini? Mnamwacha mama kwenye baridi miezi mitatu?"

Euphrasie alifunga bomba la birika. Alikuwa mtaratibu, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. "Tulijua," alisema. "Tangu Noeli. Siku ya kumuondoa Mugabo ku kazi, boss wake alimwambia nani alileta ile wazo."

Ukumbi uliendelea kula. Mtu alicheka mahali.

"Na mama? Mama alijua?"

"Tulimwambia. Alikataa. Alisema, Honorable aliniambia ataliangalia, nyinyi munamuonea. Kesho yake akavaa koti, akatoka inje." Akapangusa bomba la birika kwa kiganja. "Kila siku ya matibabu alitoka, kwa ajili yako. Ile baridi."

"Sasa kwa nini mkaniita mimi nisimame pale?"

"Ni ile ile sababu. Ili useme." Alimtazama kama anashangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. "Hatukutaka kukushitaki. Hatukutaka feza yako. Mugabo alitaka kukuja ku nyumba yako kukutukana, nikakataa. Nikasema mama alimuamini, tumupe nafasi mbele ya mama. Mama Joyeuse amesema ya sufuria, Honorable. Sufuria!"

"Nitarudi juu niseme. Nitawaita watu sasa hivi."

"Waite," alisema Euphrasie.

Aligeuka kuutazama ukumbi. Mzee Habiyaremye alikuwa anatafuna polepole. Nkatha alikuwa anamlisha mtoto wa mtu. Watu wote walikuwa pale, hakukuhitajika hata kipaza sauti. Alisimama hivyo kitambo, na miguu haikwenda, na ulimi haukwenda.

Euphrasie alijaza kikombe cha kahawa, akamwekea mkononi, kama mwenye msiba anavyomhudumia mgeni.

"Haizuru," alisema. "Hajazikwa. Mu Aprili, ku makaburi, tutauliza tena. Ni wewe utauliza. Mama alijuaka kungoja."

*

Dativa ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani. Jua lilikuwa linatua mapema, jua la Januari lisilo na faida kwa mtu. Ambakisye alimweleza yote, maana mzigo ulikuwa umemshinda, na alipomaliza walikuwa wamepita taa mbili.

"Na Aprili?" aliuliza Dativa. "Utasema?"

Alikuwa na nia ya kumjibu vizuri. Alikuwa na nia ya kusema ndiyo. Lakini jibu lilimtoka lenyewe, laini, lile lile la miaka yote, na alilisikia likiwa limeshafika nje.

"Nitaliangalia."

Dativa aliwasha kiashiria, akaiacha barabara ya nyumbani kwao, akafuata ile nyingine ambayo mumewe alikuwa anaikwepa, na mbele ya nyumba za kina Euphrasie akasimamisha gari. Benchi lilikuwa pale, na theluji yake. Akabonyeza kitufe cha kufungulia milango.

"Haya," alisema. "Liangalie."

"Mama Tina, ni baridi."

"Najua."

Alingoja kidogo aone kama mkewe anatania. Kisha akashuka, na shati lake la msiba na koti lake la ofisi, akaifuta theluji kwa mikono mitupu, akakaa. Ubao ulikuwa wa baridi kiasi kwamba uliuma kama moto. Magari yalipita. Kila lililopunguza mwendo, Ambakisye alijikuta anainuka kidogo.